Siku kumi na mbili za giza tulizozipoteza kwa bendera

Wanaovua dagaa wananielewa nikisema siku za giza hazichezewi. Mwezi ukipotea angani ndipo taa zetu zinapofanya kazi majini, na dagaa wanazifuata. Mbalamwezi ikiwaka, unalala. Oktoba 2015 giza liliingia vizuri kabisa, na mimi na shemeji yangu, kaka wa mke wangu, tukalichezea siku kumi na mbili.

Mtumbwi na nyavu vilikuwa vyangu, mashine yake. Tulikuwa tunatokea Igombe, Mwanza, na mzigo ukishakauka tunaupeleka soko la samaki la Mwaloni Kirumba. Wiki tatu hivi kabla ya uchaguzi wa Oktoba 25, nilichomeka bendera ya chama changu mbele ya mtumbwi bila kumuuliza. Alipoiona hakusema neno. Alifungua mashine, akaipakia kwenye guta, akaenda nayo kwake Buswelu. Nikamwita msaliti mbele ya wavuvi wetu wanne, na wawili kati yao walikuwa wa chama chake.

Ukiniuliza leo, nitakwambia sikuwahi kuwa mtu wa siasa. Kadi nilikata mwaka huohuo. Kilichonibadilisha ni kundi la WhatsApp. Niliingia nikiamini chama changu ni afadhali. Miezi mitatu baadaye naamini wale wengine wanauza nchi. Hakuna hoja mpya iliyonishawishi. Mle ndani ukiandika "labda wana hoja", kimya. Ukiandika tusi, vidole gumba ishirini. Nani asiyependa kusifiwa?

Baadaye nilikuja kusoma kwamba jambo hili lilishapimwa zamani. Mwaka 1969 wanasaikolojia Serge Moscovici na Marisa Zavalloni waliwakusanya wanafunzi wa Ufaransa, wengi wao wakimkubali rais wao de Gaulle na kuwatilia shaka Wamarekani, wakawaacha wajadiliane wao kwa wao. Walipomaliza, de Gaulle alikuwa amepanda zaidi na Wamarekani wameshuka zaidi. Ndiyo maana ushauri wangu wa kwanza hauna siasa ndani yake: kama uko kwenye kundi ambalo hujawahi kubishana na mtu wiki nzima, toka. Usiage, utabembelezwa.

La pili ni gumu kulikubali. Julai 28 mwaka ule Edward Lowassa alitoka CCM akahamia Chadema, chama cha upinzani. Waliokuwa wakimsema tangu alipojiuzulu uwaziri mkuu Februari 2008 wakaanza kumsafisha, na waliokuwa wakimtetea wakashika zamu ya kumchafua. Nami niligeuka, upande gani, niachieni. Kinachonitisha mpaka leo ni kwamba sikuhisi kugeuka. Ningeapa kwamba ndivyo nilivyoamini siku zote. Mwanasaikolojia Leon Festinger aliandika juu ya hili mwaka 1957: mtu akibeba mawazo mawili yanayopingana, moyo unamuwasha, na badala ya kukiri kosa anatafuta namna ya kuyapatanisha. Wengine tunapatanisha kwa kusahau.

Turudi Igombe. Mama mkwe alijaribu kutusuluhisha. Alipika sato, akatukalisha kwenye mkeka mmoja. Kabla ugali haujapoa tulikuwa tumefika kwenye nani kamwibia nani kura mwaka gani, na shemeji akanawa mikono akaondoka. Kosa halikuwa la mama. Huko Oklahoma, Marekani, mwaka 1954, mtafiti Muzafer Sherif aliwagawa watoto wa kiume kambini makundi mawili mpaka wakachukiana, kisha akawakutanisha mezani. Walirushiana chakula. Walianza kulainika maji ya kambi yalipokatika na gari la chakula lilipogoma kuwaka, ikabidi walivute wote kwa kamba moja.

Kamba yetu ilikuwa wavuvi. Siku ya kumi na moja walikuja wote wanne, wa chama changu na wa chama chake, wakasema kesho wanahamia kwa tajiri mwingine. Hawakutaka kujua nani ana haki.

Mzee mmoja wa pale mwaloni akatuita pembeni, kwenye chanja. Akaniuliza, "Chama chako kikishinda, petroli ya mashine itashukaje bei? Nipe hatua ya kwanza, halafu ya pili." Nikaanza kuhubiri. Akanikata: "Sijakuuliza kwa nini unakipenda. Nimeuliza itashukaje." Hatua ya kwanza nilibahatisha, ya pili sikuwa nayo. Akamgeukia shemeji na swali lilelile. Shemeji akaanza kuangalia ziwa.

Mzee yule hakuwa amesoma utafiti wa Philip Fernbach na wenzake wa mwaka 2013, uliokuta kwamba mtu akitakiwa kueleza sera yake inavyofanya kazi hatua kwa hatua, ukali unapungua. Akiulizwa sababu za kuipenda, anabaki palepale. Yeye alikuwa amezoea kuuliza mafundi mashine maswali.

Halafu akasema neno tunalolisema sokoni kila siku: gawaneni maumivu. Mwaloni sijawahi kuona mtu akisusa siku kumi na mbili kwa sababu ya bei ya gunia. Unapanda, anashuka, mnaagana. Ila jambo likishageuka heshima, hata mia mbili haishuki. Zanzibar waliliweza zito kuliko letu. Baada ya damu ya waandamanaji Januari 2001 na chaguzi zilizogombaniwa, Amani Karume wa CCM na Maalim Seif wa CUF, chama cha upinzani, walikutana Novemba 2009. Seif akamtambua Karume kuwa Rais wa Zanzibar, Karume akakubali njia ya kugawana serikali. Julai 31, 2010, asilimia 66 ya waliopiga kura ya maoni walisema ndiyo kwa serikali ya pamoja.

(Si kila kitu kinagawanywa nusu. Anayetaka kura yako isihesabiwe, au upigwe, huyo usimpunguzie bei.)

Masharti yetu yalikuwa haya: bendera itoke, na ya kwake isiingie. Mashine irudi. Petroli ya wiki ya kwanza juu yangu, nusu ya gharama nitarudishiwa giza likiisha. Tangu kusukuma mtumbwi hadi kurudi, siasa hapana.

Hiyo nusu sijarudishiwa mpaka leo. Shemeji anasema mashine ilirudi na plagi mpya aliyoinunua yeye, kwa hiyo nimdai nini.