Kabla hujanunua noti ya zamani ya Tanzania

Swali ninaloulizwa sana tangu nianze kukusanya noti za Tanzania ni hili: "Nina shilingi 20 ya Nyerere, utanipa milioni ngapi?" Pole, ndugu yangu. Mitandaoni noti hiyo inatangazwa kwa bei ya ng'ombe, lakini kutangaza si kuuza. Zilichapishwa nyingi mno. Iliyochakaa ukiipatia mnunuzi, utaondoka na hela ya chai.

Cha kwanza kuangalia ni sahihi. Noti zetu hazina mwaka, kwa hiyo umri wake tunausoma kwenye sahihi za Waziri wa Fedha na Gavana. Benki Kuu ya Tanzania (BoT) ilifunguliwa Juni 1966 na kutoa noti za shilingi 5, 10, 20 na 100, zenye picha ya Mwalimu Nyerere akiwa bado kijana. Gavana wa wakati huo, Edwin Mtei, baadaye alikuwa Waziri wa Fedha kati ya 1977 na 1979. Angalia sahihi yake imekaa upande gani, ujue aliitia kama Gavana au kama Waziri.

Kisha hali ya noti. Mimi huielekeza dirishani. Kichwa cha twiga kilichofichwa ndani ya karatasi kikijitokeza vizuri kwenye mwanga, nahamia kwenye mkunjo wa katikati: rangi imekwanguka? Pembe zimeviringika? Kuna doa la selotepu? Muuzaji anayesema "nimeifua ikang'aa" namshukuru na kuondoka. Noti ikishafuliwa hulegea, na ule mlio wake mkavu haurudi tena.

Anayeanza leo namshauri atafute matoleo ya 1985 hadi 2003. BoT iliyaondoa kwenye mzunguko kati ya Januari 6 na Aprili 5, 2025, kwa hiyo msimbazi (noti ya shilingi 10,000) wa zamani uliosahaulika kabatini kwa bibi haununui hata nyanya. Usilipe zaidi ya thamani iliyoandikwa, labda iwe mpya kabisa.

Noti za rupia za Zanzibar, zilizoanza kutolewa 1908, ziache kwanza. Ni ghali, na za kughushi zipo. Noti za dharura ambazo Wajerumani walizichapa hapahapa wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia mara nyingi zina bei nafuu zaidi, na kwangu zinasisimua kuliko zote.

Kuhifadhi: laminesheni hapana kabisa. Tumia vifuko vya poliesta visivyo na plastiki ya PVC, na kama unaishi pwani weka albamu mbali na ukuta unaovuta unyevu.