Unafanya tesisi ya intubesheni (kumwingizia mgonjwa tyubu ya kupumulia)? Amua kwanza unapima nini

Napitia sana mapendekezo ya utafiti ya wanafunzi wa masta ya usingizi na karibu kila moja lina mstari "tutaangalia kama intubesheni imefanikiwa mara ya kwanza". Sawa mdogo wangu, mara ya kwanza ni ipi? Bledi ya laringoskopu (kifaa cha kuangalizia koo) imeingia, huoni kitu, umeitoa ukamweka mgonjwa kichwa vizuri ukarudi, hiyo ni moja au mbili? Na kama bledi haijatoka ila tyubu umeisukuma mara tatu? Kila mtu anahesabu anavyojua halafu baadaye tunataka kulinganisha namba za Dar na za Nairobi, wapi na wapi.

Mi nasema usibuni tafsiri yako, chukua ambayo wenzio wameshaitumia. Mfano utafiti wa DEVICE wa Marekani, 2023, wao waliandika wazi: bledi iingie mara moja, tyubu mara moja, au buji (kijiti cha kuongozea tyubu) mara moja kisha tyubu ipite juu yake. Kwa kipimo hicho laringoskopu ya video ilishinda ile ya kuangalia kwa jicho moja kwa moja, asilimia 85.1 kwa 70.8. Ila sasa shuka chini uone matatizo makubwa, yaani oksijeni ya damu chini ya asilimia 80, presha kuanguka vibaya, moyo kusimama au kifo: 21.4 kwa 20.9, hamna tofauti. Wagonjwa ni walewale 1,417! Kwa hiyo ukipima kimoja tu umeleta nusu habari, na mgonjwa mwenyewe hana shida na bledi imeingia mara ngapi, anachotaka ni aamke.

Halafu dirisha la muda, hapa watu wanapita kama hawajaona. DEVICE walihesabu matatizo mpaka dakika 2 baada ya tyubu kuingia. Utafiti wa INTUBE wa 2021, nchi 29, wagonjwa 2,964, wao walienda mpaka dakika 30 tangu kuanza, na presha na mzunguko wa damu kuyumba ilifika asilimia 42.6. Presha si lazima ianguke palepale, dawa zinashika, mashine inaanza kusukuma hewa kifuani, ndo inashuka, kwa hiyo usiziweke namba hizo mbili kwenye jedwali moja kama vile ni kitu kimoja.

Sekunde nazo hivyohivyo. Saa inaanza bledi ikipita meno au ukishika laringoskopu? Inaisha tyubu ikipita nyuzi za sauti au kapnografi (kipimo cha kaboni dioksidi kwenye pumzi) ikionyesha mawimbi? Andika kwenye fomu, na anayeintubeti asijihesabie mwenyewe, mpe nesi au mwenzio.

Oksijeni: andika alianza na ngapi. Mgonjwa wa nimonia aliyeingia na 86 huwezi kuja kuniambia "alishuka chini ya 90", alishakuwa huko zamani.

Na gredi za Cormack na Lehane (za jinsi nyuzi za sauti zinavyoonekana, 1 ndiyo bora) ni za 1984, za kuangalia kwa jicho moja kwa moja, kwenye skrini unaweza kupata gredi 1 safi kabisa na tyubu ikagoma kuingia, so usiifanye kipimo chako kikuu ukiwa na video.

Kabla hujampelekea supavaiza ingia COMET, kanzidata ya mtandaoni ya vipimo vya utafiti, ni bure, utafute kama kuna orodha ya vipimo vya msingi walivyokubaliana kwa aina ya wagonjwa wako. Na kama unapofanyia utafiti hakuna kapnografi, sema wazi tyubu ilithibitishwaje, stetoskopu au nini, usituachie tubahatishe.