Kelele za pikipiki za theluji: mfuate jirani kabla hajafunga njia

Huku Maine, kaskazini-mashariki ya Marekani, njia za pikipiki za theluji (snowmobile, mashine za kuendesha juu ya theluji) zina urefu wa takriban kilomita 22,000. Zinapita nyuma ya mashamba, kando ya maziwa na katikati ya misitu, na zaidi ya asilimia 90 ziko juu ya ardhi ya watu binafsi. Kwa kawaida mwenye ardhi halipwi kodi, ameruhusu tu. Katika klabu yetu ya waendeshaji, inayotunza njia hizi, mimi ndiye ninayepokea malalamiko ya wakazi, na yote nitakayoshauri hapa yanaanzia kwenye ruhusa hiyo. Mtu mmoja akiiondoa, njia inakatika, na wenye hoteli na vituo vya mafuta wanaotegemea wageni wa majira ya baridi wanaumia.

Kwa hiyo simu ya malalamiko ikiingia, usianze na sheria. Sheria ipo: pikipiki hizi haziruhusiwi kuendeshwa ndani ya futi 200, yaani kama mita 60, kutoka nyumba ya kuishi, ingawa kuna sehemu zilizosamehewa, ziwa lililoganda likiwamo. Lakini mama aliyekosa usingizi hakupiga simu ili asomewe vifungu. Muulize ilikuwa saa ngapi, zilitoka upande gani, ilikuwa moja au msururu, zilipita tu au zilizunguka palepale. Kisha omba ruhusa uende saa ileile ukasimame uani kwake. Usiku wa baridi kali usio na upepo, sauti husafiri mbali sana, hasa juu ya barafu ya ziwa. Ukienda mchana hutasikia anachosikia yeye, na utaondoka ukidhani anatia chumvi.

Mara nyingi utagundua kwamba tatizo si pikipiki zote. Tangu 1975 watengenezaji wa Amerika Kaskazini wamejifunga kwa kelele zisizozidi desibeli 78, zikipimwa umbali wa mita 15, mashine ikiwa imevutwa mafuta mpaka mwisho. Anayeamsha mtaa ni kijana aliyetoa ekzosi ya kiwandani akaweka ya mashindano. Aliyeishi Dar es Salaam au Kisumu anaijua sauti hiyo kwa bodaboda zilizotolewa sailensa. Huyo mfuate yeye mwenyewe, tena mapema, ukiwa na wazee wa klabu anaowaheshimu. Mwambie nyumba ni ya nani na ndani kuna nani: mgonjwa, mtoto mchanga, muuguzi anayelala mchana. Asiposikia, waachie maaskari wa wanyamapori, ambao huku ndio husimamia sheria hizi. Sioni sababu ya klabu kumkingia kifua mtu anayewapotezea wenzake njia.

Kuna lalamiko jingine ambalo dawa yake ni taarifa tu. Trekta ya kusawazisha njia hufanya kazi usiku, kwa sababu theluji ikishasawazishwa inahitaji saa za baridi bila kupitiwa ili ishikane. Jirani asiyejua hilo huona taa na kusikia ngurumo saa nane usiku, akaamini kuna watu wanachezea shambani kwake. Mwambie mapema zamu zinavyokwenda, na umwachie namba ya simu ya mtu atakayepokea.

Wakulima nao wana uchungu wao. Theluji ikiwa nyembamba, mashine ikitoka nje ya njia huchuna majani ya malisho, na hasara inaonekana masika, wakati mwendeshaji keshasahau. Hapo maneno ya pole hayatoshi. Weka vigingi pande zote mbili za njia, na theluji isipofika kina cha kutosha, funga kipande hicho hata kama wageni watanung'unika.

Usiogope kuhamisha njia. Kuipitisha nyuma ya misonobari kunaweza kumaliza ugomvi ambao mikutano ya mji ingeuburuza miaka. Kazi hiyo hufanyika kabla ya theluji, na ndiyo maana napenda kuwatembelea wenye ardhi wakati wa vuli, miguu yangu ikiwa juu ya udongo wao. Tunatembea pamoja, wananionyesha mti ulioanguka na daraja lililooza, na klabu inavitengeneza.

Nawe msomaji uliyenunua nyumba nje ya Lewiston au Portland ukakuta njia inapita nyuma ya ua wako: ardhi ni yako, na una haki ya kukataa. Ila kabla hujaweka mnyororo wa kufunga njia, itafute klabu ya mji wako mwezi wa tisa au wa kumi, kabla ramani ya msimu haijachapwa. Waonyeshe watoto wanachezea wapi na dirisha la chumba cha kulala linatazama upande gani, kisha uwaombe waisogeze.