Ukinunua Paipu za Breki na Petroli za Gari la Zamani, Anzia Kwenye Ncha

Wengi tunaofufua magari ya zamani tunatumia muda mrefu kwenye rangi, viti na bampa, halafu paipu za breki zinaagizwa mwishoni kwa haraka, kwa kutaja jina la gari na mwaka wake. Naomba tupindue utaratibu huo. Mimi paipu na hozi ndizo ninazozitoa kwanza, hata zikionekana nzima, kwa sababu kutu yake huanzia mahali macho hayafiki: chini ya klipu zinazoishikilia paipu kwenye chasisi, na juu ya ekseli ya nyuma ambako tope hukaa likishika unyevu. Sehemu iliyo wazi inaweza kuwa safi kabisa, huku chini ya klipu chuma kimeliwa kikabaki chembamba, na siku utakayokanyaga pedali kwa nguvu zako zote ndiyo siku kitakapopasuka.

Sasa, jina la gari halitoshi kununulia paipu. Gari la miaka 50 limepita mikononi mwa watu wengi. Mmoja alibadili ekseli, mwingine akaondoa drami za mbele akaweka diski, mwingine akafunga master silinda (ile inayosukuma mafuta ya breki ukikanyaga pedali) ya modeli nyingine kwa kuwa ndiyo iliyopatikana. Ukiagiza seti iliyokwisha kukunjwa kiwandani, muuzaji mzuri atakuuliza maswali mengi: usukani uko upande gani, breki zina busta (kifaa cha kuongezea nguvu ya mguu) au hazina, ni drami au diski, injini ipi, bodi ndefu au fupi. Kwa magari ya Marekani atauliza pia kama master silinda ni ya mkondo mmoja (njia moja ya mafuta kwa magurudumu yote) au miwili, kwa sababu sheria ya huko ililazimisha mikondo miwili kuanzia 1968, na modeli nyingi za 1967 tayari zilikuwa nayo. Mjibu kwa kulala chini ya gari na tochi. Vitabu vinakueleza gari lilivyotoka kiwandani tu. Muuzaji asiyeuliza lolote, mimi humkimbia.

Lakini hata paipu yenye urefu na mikunjo sahihi haifai kitu kama ncha zake hazikubaliani na mahali zinapoingia. Hapa ndipo pa kuweka akili yako yote.

Ncha ina mambo mawili: mdomo wa paipu na thredi za nati, yaani meno yake. Magari ya Marekani na Japani kwa kawaida hutumia mdomo uliokunjwa mara mbili, wenye mwinamo wa digrii 45, unaoonekana kama faneli ndogo. Magari mengi ya Ulaya bara hutumia mdomo uliovimba kama kiputo. Uingereza ndiyo yenye kuhitaji uangalifu zaidi, maana paipu moja inaweza kuwa na mdomo huu upande mmoja na ule upande wa pili. Hiyo haikuwa bahati mbaya, kila mdomo umetengenezewa kikalio chake, yaani mahali unapokaa. Ukilazimisha kiputo kwenye kikalio cha faneli, unaweza kukaza hadi nati iviringike na bado itavuja.

Thredi zina hatari kubwa zaidi kwa sababu zinadanganya mkono. Paipu ya kawaida ya breki ina kipenyo cha inchi 3/16, karibu milimita 4.75, na nati yake ya inchi ni 3/8 yenye thredi 24 kwa inchi. Nati ya metriki ya paipu hiyohiyo ni M10 (kipenyo cha milimita 10) yenye hatua ya milimita 1, yaani umbali wa jino hadi jino. Kipenyo cha nati hizo mbili hakitofautiani hata nusu milimita. Kwa hiyo nati ya inchi huingia kwenye tundu la M10, inazunguka vizuri, hata inakaza kidogo, ila imeshika kwa ncha za meno tu. Mfumo wa breki ukikanyagwa kwa dharura, shinikizo lake hupita pauni 1,000 kwa inchi ya mraba, na meno yaliyoshika hivyo hayatavumilia. Pima kila nati kwa kalipa (rula ya kupimia kipenyo) na geji ya thredi kabla hujaagiza, na usidhani zote zinafanana. Magari mengi ya Marekani yana nati za ukubwa tofauti kwenye paipu za ukubwa uleule, zimewekwa kwa makusudi ili fundi asichanganye mkondo wa mbele na wa nyuma.

Kuhusu madini, msimamo wangu ni mfupi. Shaba tupu siinunui kwa breki, maana mtetemo huifanya kuwa ngumu na hatimaye hupata ufa. Stenlesi inapendeza na haishiki kutu, lakini ni ngumu, midomo yake inahitaji zana nzuri, na mara nyingi hugoma kukaa kwenye kikalio hadi uikaze, uilegeze na uikaze tena. Chaguo langu ni aloi ya shaba na nikeli, ile iitwayo C70600, yenye nikeli takriban asilimia 10. Inakunjika kwa mkono, haiozi kwa chumvi ya barabarani, na Volvo wameitumia tangu 1976. Anayetaka sura ya kiwandani anunue chuma chenye mipako, ukuta mara mbili.

Hozi za mpira usizibakize hata moja. Kwa nje zinaweza kuwa laini na nyeusi, wakati ndani zimevimba hadi njia imeziba. Mafuta ya breki yanapita ukikanyaga, hayarudi ukiachia, na gurudumu linabaki limeshikwa. Watu wanabadilisha silinda na kaliper za breki wakati ugonjwa uko kwenye hozi. Angalia tarehe iliyochapwa juu yake, kwa sababu hozi iliyokaa rafuni miaka mingi si mpya. Wenye Citroën DS za baadaye, zinazotumia mafuta ya madini ya kijani, watafute hozi na sili za mfumo huo tu, kwani mpira wa breki za kawaida huharibika ukikutana nayo.

Kwa petroli, paipu za chuma ni rahisi zaidi, nyingi zikiwa za inchi 5/16 au 3/8. Tatizo liko kwenye vipande vya mpira vinavyoziunganisha. Petroli ya sasa mara nyingi ina ethanoli, nayo hulainisha au kupasua mpira wa zamani. Soma maandishi ya ubavuni, yanayotaja daraja la hozi: SAE J30R7 inatosha gari la kabureta, bali mimi hununua J30R9 (R9) hata kwa kabureta, kwa sababu utando wake wa ndani unahimili ethanoli vizuri zaidi. Kwenye injeksheni R9 ni lazima, pamoja na vibano vya duara visivyokata mpira.

Seti ikifika, huenda imekunjwa katikati ili iingie kwenye boksi. Inyooshe taratibu, kisha ilaze sambamba na paipu za zamani, ambazo hukuzitupa. Linganisha kila kona na kila ncha, puliza hewa ndani kutoa vumbi la kiwandani, na nati uzianze zote kwa vidole kabla spana haijaguswa. Usiweke tepu ya Tefloni. Ukishajaza mafuta ya breki na kutoa hewa iliyomo, mwenzako akandamize pedali kwa nguvu huku wewe ukipitisha karatasi kavu nyeupe chini ya kila nati, moja baada ya nyingine. Rudia kesho yake kabla gari halijashuka kwenye stendi.