Maswali yenu kuhusu kansa ya mapafu

Meseji zimekuwa nyingi, nimechukua hizi manake ndizo zinazojirudia. Mimi ni wa kujitolea tu kwenye kikundi kidogo cha kusaidia wagonjwa wa kansa ya mapafu hapa Malindi, si daktari, kwa hivyo mtu asiache dawa zake ati kwa sababu ya niliyoandika hapa.

Swali: Nyinyi mnatoa pesa za matibabu ama ni kukaa na kuongea? (Dada wa Maweni)

Dada, pesa za matibabu hatuna, tusidanganyane. Kazi yetu ni ile ya katikati, daktari ashasema ni kansa na mgonjwa amerudi nyumbani na bahasha hajui aanzie wapi. Tunakaa naye tunaipitia ripoti, tunamwandikia maswali ya kwenda kuuliza, tunamsindikiza kwa mambo ya SHA, ile bima ya afya ya serikali, manake kansa ina kifurushi chake na kina kikomo cha mwaka kwa familia nzima, usingoje mpaka ukatwe kemo, yaani dawa za kuua kansa, katikati ndio uulize kumebaki ngapi. Nauli tukiweza tunachanga. Na kuna wenzetu kazi yao ni kupiga simu tu, usiidharau hiyo, kuna wagonjwa wiki nzima hawaulizwi kitu ila "umekula?"

Swali: Babangu yuko Mambrui, anakohoa na anakonda. Makohozi yalipimwa TB haikuonekana lakini akaanzishiwa dawa za TB, sasa mwezi wa pili hakuna nafuu. Tungoje amalize?

Musingoje. TB iko sana huku kwetu na si makosa daktari kuishuku kwanza, lakini kukohoa, kukonda, damu kwenye makohozi, pumzi kuwa fupi, hizo zote ni dalili za TB na ni dalili za kansa pia, na eksirei peke yake mara nyingi haitoshi kuzitenganisha. Dawa za TB ni miezi sita lakini zikimkubali mtu kwa kawaida ndani ya wiki chache ushaona tofauti. Rudini mukaseme wazi hakuna mabadiliko, muulize skani ya CT ya kifua, na kukionekana kitu basi biopsi, yaani atolewe kinyama kidogo kipelekwe maabara. Hapo ndipo inajulikana kama ni kansa na ni ya aina gani, na aina ndiyo inaamua dawa. Zile za TB asiziache mwenyewe kabla hajaambiwa.

Swali: Inaambukiza? Tumtengee sahani na kikombe?

La. Kama TB ishapimwa na kutolewa kwenye hesabu, kuleni sinia moja.

Swali: Mume wangu alivuta sigara tangu ujana, sasa amepatikana nayo na mawifi zangu wanasema alijitakia. Hata kikundini hataki kuja, aibu.

Dada yangu, hili ndilo linaniudhi kuliko yote. Mtu akiumwa sukari hakuna anayemhesabia soda alizokunywa, akiumwa moyo hakuna anayemuuliza viazi karai, lakini kansa ya mapafu, mtu hajavua viatu mlangoni ashauliza "kwani alikuwa akivuta?" Sigara ndiyo sababu kubwa, sipingi. Lakini mumeo alianza kijana, na nikotini ikishakushika si mchezo, na mpaka leo sheria ya Kenya ya 2007 inakataza kuuza sigara moja moja lakini nenda kioski chochote uone. Halafu wako wanaoipata hawajavuta hata siku moja. Uingereza kuna shirika la wagonjwa hawa, Roy Castle Lung Cancer Foundation, lilianza 1990 Liverpool, na huyo Roy Castle mwenye jina alikuwa mpiga tarumbeta na mtu wa televisheni, hakuwa mvutaji, akaipata kansa hii, na mwenyewe aliona ni moshi wa sigara za watu kwenye vilabu alikokuwa akipiga muziki. Alifariki 1994. Sisi mtu akija hatumuulizi alivuta ama hakuvuta, mwambie hivyo. Kama bado anavuta tutamsaidia kuacha, manake hata sasa kuacha kunasaidia matibabu yafanye kazi vizuri. Na kama hataki kuja, atupe ruhusa tumpigie simu.

Swali: Mimi sivuti ila nimepika kwa kuni maisha yangu yote. Niogope?

Usiogope, ila moshi wa kuni si salama, nao unashukiwa. Pikia nje ama kwenye upepo, na kikohozi kikipita wiki tatu nenda hospitali.

Swali: Tuko Lamu, mama amepangiwa mionzi Mombasa wiki kadhaa. Tutawezaje?

Kwenda na kurudi sahauni. Mionzi mara nyingi ni Jumatatu mpaka Ijumaa, kila siku, na nyinyi kwanza muna boti mpaka Mokowe bara halafu basi mchana kutwa, mgonjwa wa pumzi atachoka kabla hajafika. Tafuteni pa kulala Mombasa kabla ya tarehe, ikiwa ni kwa jamaa muambieni ukweli ni wiki ngapi, si "siku mbili tatu". Bebeni ripoti zote, CD ya skani na kitambulisho, na zikae kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye buti la basi. Mpigieni simu idara ya mionzi siku moja kabla, mashine huharibika.

Swali: Mzee ameandikiwa morfini. Nasikia ukianza hiyo ndio mwisho.

Sio hivyo. Ni dawa ya maumivu makali, humpunguzia na shida ya pumzi pia, na mtu anaweza kuitumia muda mrefu akiwa anatembea na kula. Inapimwa kulingana na maumivu, kwa hivyo apewe vile ilivyoandikwa na kwa saa zake, si kungoja mpaka alie. Ila inafunga choo vibaya, karibu kila mtu. Ombeni dawa ya choo siku hiyo hiyo.