Oili ya gia boksi: kabla hujampa fundi ufunguo, vuta kijiti

Mlima wa Marangu ndio ulionifundisha kushika spana. Ilikuwa Desemba, tunapanda kijijini kwa sikukuu, watu watano ndani na buti imejaa mchele, soda na zawadi za bibi. Tulipopita Marangu Mtoni na barabara kuanza kusimama, Toyota IST yangu, ya gia otomatiki, ikawa inaunguruma tu bila kwenda. Mshale wa mizunguko unapanda, gari linabaki palepale kama mtu anayekimbia kwenye tope. Nikaachia mafuta kidogo, gia ikashika kwa kishindo. Kona ya mbele, hivyohivyo. Na nyuma yangu ilikuwa foleni ya wenzetu waliotoka Dar, kila mmoja na honi yake.

Wiki tatu kabla nilikuwa nimemwaga oili ya gia boksi kwenye gereji moja hapa Moshi, maana Desemba ikikaribia kila mtu mjini anakumbuka gari lake. Fundi alikuwa kijana mchangamfu. Nilipomwuliza anaweka oili gani, alijibu bila kugeuka, kwa jina la mtaani la oili ya gia otomatiki: "Haidroliki ni haidroliki tu, mangi. Zote nyekundu." Nikacheka, nikarudi kwenye benchi na simu yangu. Akamimina, akazima injini, akavuta kijiti cha kupimia oili, akakifuta kwa tambara, akakirudisha na kukivuta tena, kisha akaja kunionyesha: oili iko kwenye alama ya juu kabisa. Nikalipa elfu 25 ya kazi, nikaondoka nimeridhika.

Kosa lilifanyika mbele ya macho yangu na sikuliona. Oili ya injini unaipima injini ikiwa imezimwa. Ya gia boksi, kwa Toyota zenye kijiti, unaipima injini ikiwa inaunguruma na oili imeshapata moto. Injini ikiwaka, pampu inainyonya oili kutoka kwenye sampo, yaani beseni la chini ya gia boksi, na kuisukuma kwenye torki konvata (kifaa kinachopeleka nguvu ya injini kwenye gia boksi kwa kutumia oili) na vijia vyote vya gia boksi. Ukizima, sehemu yake inarudi chini na kijiti kinaonyesha nyingi kuliko iliyopo kazini. Kwa hiyo "imejaa" ya yule kijana ilikuwa pungufu. Kwenye tambarare za Pasua na Majengo gari lilitembea bila tatizo. Kwenye mlima, ile oili kidogo ikakimbilia nyuma ya sampo, pampu ikavuta hewa, na gia inayobanwa kwa nguvu ya oili haiwezi kubanwa kwa hewa.

Niliposimama sehemu tambarare juu kijijini, nikapima inavyotakiwa. Kijiti kilikuwa kikavu mpaka chini ya alama ya COLD.

Tangu siku ile oili ya gia boksi ya gari hili nabadilisha mwenyewe. Lakini nisikudanganye: hela unayookoa ni ndogo. Gharama kubwa ni oili, na oili utainunua popote utakapofanyia kazi. Unachookoa ni ile elfu 25. Faida ninayoiona mimi ni kwamba najua nimeweka nini, kiasi gani, na nimepimaje. Kama una fundi ambaye hayo matatu anayafanya vizuri na hakasiriki ukimsimamia, mlipe ukanywe chai.

Kwanza ujue gari lako ni la aina gani, maana hapo ndipo uamuzi ulipo. Fungua boneti. IST ya zamani, ile ya 2002 hadi 2007, ina vijiti viwili: cha injini na cha gia boksi. Gia boksi yake ni ya gia nne na oili yake ni Toyota Type T-IV. Gari la namna hii mtu mwenye utulivu analiweza nyumbani. Ukiangalia ukakuta hakuna kijiti cha gia boksi kabisa, funga boneti upeleke gereji. Magari hayo yanapimwa kwa kufungua plagi ya chini na kuacha oili ya ziada ichuruzike wakati ina joto maalumu, na joto hilo unalisoma kwa mashine inayochomekwa kwenye gari. Kulala chini ya gari linalounguruma lililoegemea jeki, ukikisia joto kwa kiganja, ni kutafuta msiba.

Zile za CVT nazo, yaani otomatiki isiyo na gia za hatua, Nissan nyingi na Toyota za karibuni, sizigusi. Ndani yake kuna mkanda wa chuma unaoshika kwa msuguano, na oili yake imetengenezwa kwa ajili ya mkanda huo. Ukiwekewa "haidroliki ni haidroliki tu" kwenye CVT, jiandae kununua gia boksi nyingine.

Sasa kwa wenye kijiti. Ninaendesha kama nusu saa, mpaka Kiboriloni na kurudi inatosha, ili oili ilegee. Uwanja wangu una mteremko, kwa hiyo nahamia kwa jirani aliyesakafia. Handibreki, mawe nyuma ya matairi, na stendi mbili za chuma chini ya gari. Jeki inayokuja na gari ni ya kubadilishia tairi, usiingize kichwa chako chini yake hata kwa dakika moja.

Halafu hakikisha unafungua bolti yenyewe. Chini kuna ya injini na ya gia boksi, na zimeshawachanganya watu wazima wenye vyeti. Mtu anamwaga oili ya gia boksi akidhani ni ya injini, kisha anaongeza lita nne kwenye injini iliyojaa. Angalia rangi ya tone la kwanza. Likitoka jeusi ti kama la injini, rudisha bolti haraka ufikirie upya.

Oili ikishamwagika kwenye beseni, nangoja mpaka iwe inadondoka tone tone. Kisha ninafanya jambo ambalo mafundi wengi wanaliona la kitoto: naimimina kwenye chupa tupu za maji za lita moja na nusu, nione imetoka ngapi. Kwangu hutoka chupa mbili, yaani kama lita 3. Kama kipimo kilikuwa sawa kabla ya kumwaga, basi ninarudisha kiasi kilekile, wala sibahatishi. Wosha ya bolti naweka mpya. Kukaza ni kwa kiasi, maana nyumba ya gia boksi ni ya aluminiamu, na ukiua nyuzi zake utailipa gereji mara kumi.

Oili mpya inapita palepale kinapokaa kijiti, na tundu lenyewe ni jembamba. Faneli ya kawaida haiingii, unahitaji yenye mrija mrefu. Usimwage kwa pupa, itakurudia. Mara ya kwanza ilinichukua karibu robo saa, nimeinama, mgongo unalia, oili nyekundu kama juisi ya rosela inashuka taratibu. Mama wa nyumba ya pili alichungulia akauliza kama gari limechinjwa.

Kupima: gari sehemu tambarare, injini inawaka, mguu kwenye breki, unapitisha mkono wa gia P mpaka L na kurudi P, kila sehemu sekunde chache. Ndipo unavuta kijiti, unafuta, unarudisha, unavuta tena. Oili ikiwa ya moto isimame kati ya alama mbili za HOT. Usipime kwa alama hizo asubuhi gari likiwa baridi, hasa Julai, kwani oili ya baridi imejikunja na utajaza kupita kiasi. Ikizidi nayo ni balaa: vyuma vinavyozunguka vinaipiga mpaka inatoa povu, na tunarudi kulekule kwenye hewa. (Honda nyingi zenye kijiti ni kinyume: unapima muda mfupi baada ya kuzima injini iliyopata moto. Soma kitabu cha gari lako, usinisikilize mimi wa IST.)

Ukimaliza ujue hujabadilisha oili yote. Gia boksi hii inabeba kama lita 6.5, na nyingi imebaki kwenye konvata. Lita 3 ulizomwaga hazifiki hata nusu. Ndiyo maana mimi nilirudia mara tatu, nikiendesha wiki moja katikati, na hesabu inaniambia sasa oili mpya ni kama asilimia 84. Hiyo ni lita 9 kwa jumla: makopo mawili ya lita 4 na dogo moja. Kwenye chupa zangu ilionekana wazi. Ya kwanza ilikuwa rangi ya chai ya rangi iliyokolea, ya tatu unaona mwanga upande wa pili.

Gereji zenye mashine hubadilisha karibu yote kwa mara moja, na kama gari lako liko vizuri hiyo ni njia ya haraka. Kama limeshaanza kuteleza gia na oili inanuka kuungua, mimi nisingetoa hela ya mashine. Diski za ndani ya gia boksi zilizoisha hazirudishwi na oili mpya, na fundi mkweli atakwambia hivyo kabla hajashika spana. Kufungua sampo kusafisha filta nako namwachia fundi, ila nasimama pale nione sumaku ya ndani ya sampo inayonasa chembe za chuma. Vumbi laini la kijivu kama uji mzito ni la kawaida. Vipande unavyoweza kuvihesabu si vya kawaida.

Na ukienda gereji, nenda na oili yako uliyoinunua mwenyewe, kopo lenye muhuri, jina la oili likifanana na la kwenye kitabu. Kisha mwulize fundi swali moja tu kabla hujampa ufunguo: utapimaje? Mwenye IST akijibiwa "tunazima kwanza", amshukuru na kuwasha gari.

Oili chafu usimwage mtaroni, na nisisikie umeimwaga kwenye mfongo, mfereji wetu wa kumwagilia, maana kuna watu huko chini wanamwagilia mboga. Yangu naiweka kwenye dumu nyuma ya banda. Seremala wa mtaa wetu ameshaliulizia mara mbili, ana nguzo za uzio na mchwa hawampi nafasi.