"Mama Atarudi Lini?" Maswali na Majibu Kuhusu Watoto Wadogo Katika Malezi ya Kambo

Maswali ya safari hii yametoka kwa watu wanaowatunza watoto wa miaka 2 hadi 7 walioondolewa kwao na kupelekwa kwa familia nyingine kwa muda. Maswali tumeyafupisha. Majibu mengine ni marefu, kwa sababu mtoto wa umri huu huumizwa na vitu vidogo: neno moja lililokosewa, shuka iliyofuliwa mapema mno.

Nimepokea mtoto wa miaka 4. Mama yake ana tatizo la ulevi. Kila siku ananiuliza kwa nini yuko kwangu, nami nimekuwa nikimwambia mama amesafiri. Nafanya sawa? (Mama mlezi)

Dada, safari hiyo ifute leo. Msafiri hurudi, kwa hiyo mtoto ataketi mlangoni kungoja. Na msafiri asiyeaga amemtoroka mwenzake, hilo mtoto wa miaka 4 analijua. Ubaya mwingine utauona baadaye: siku utakapobeba mkoba kwenda hata kwa jirani, atakung'ang'ania kwa hofu, maana kwake "kusafiri" ni kupotea.

Ukweli unaweza kusemwa kwa sentensi tano: "Mama ana ugonjwa wa pombe. Akinywa hawezi kuacha, na akilewa hawezi kukulisha wala kukulinda. Watu wazima wameamua ukae hapa wakati mama anasaidiwa. Hukukosa chochote. Hata ungekuwa mtulivu vipi, mama angeugua tu." Kisha nyamaza. Akiondoka kwenda kucheza, mwache.

Maneno ya kutokosa ndiyo ya kwanza kwa uzito. Jean Piaget, mwanasaikolojia wa Uswisi, alieleza jinsi mtoto kati ya miaka 2 na 7 anavyouona ulimwengu ukizunguka kwake mwenyewe. Mtoto huyu hafikiri kwamba mama alishindwa, anafikiri, "Nilimwaga maziwa, ndipo nikaondolewa." Hilo hatalisema. Utaliona katika michezo: mwanasesere anayechapwa na kufukuzwa nyumbani. Kaa karibu naye, sema kwa niaba ya mwanasesere, "Mimi ni mdogo, sikufanya kosa," halafu mwache aendeleze mchezo mwenyewe.

Kuna tahadhari mbili. Ukitumia neno ugonjwa, ongeza kwamba si kama mafua, la sivyo siku utakapolala na homa ataanza kukusanya nguo zake. Pia usimwambie, "Mama amekuacha hapa kwa sababu anakupenda." Unamfundisha kwamba anayempenda humwacha, na wewe unataka akuamini unapompenda.

Akiuliza mama atarudi lini, usimpe "karibuni" ya kumnyamazisha. Sema, "Sijui bado. Wanaoamua ni hakimu na watu wa ustawi wa jamii. Nikijua, nitakuambia siku hiyohiyo." Halafu mpe lile unalolijua kwa hakika: "Leo utalala kwenye kitanda chako hapa, na asubuhi nitakuamsha mimi." Atauliza tena kesho, pengine mara ishirini. Anapima kama jibu limebadilika. Yaandike maneno hayo kwenye karatasi ili baba wa nyumba, bibi na mwalimu wote wayaseme vilevile.

Kila akitoka kumwona mama yake analia, anapiga wenzake na kuamka usiku kwa siku mbili. Niombe ziara zisimamishwe? (Baba mlezi)

Kwa sababu hiyo pekee, hapana. Mtafiti James Robertson, aliyefanya kazi London pamoja na daktari wa akili John Bowlby, aliwachunguza watoto wadogo waliotengwa na mama zao hospitalini, akaona hatua tatu: kwanza mtoto hupinga kwa kilio, kisha hukata tamaa, mwisho hujitenga. Katika hatua ya mwisho anatulia, anacheza, na watu wazima hupumua wakidhani amezoea. Kumbe amefunga mlango. Mtoto anayelia baada ya ziara bado ana kitu anachokililia, na hilo tunalihesabu kuwa uhai. Katika miaka ya 1960 Robertson na mkewe Joyce waliwachukua nyumbani kwao watoto wadogo wachache ambao mama zao walikuwa hospitalini, mmoja baada ya mwingine, na waliendelea kumtaja mama kila siku badala ya kumfuta. Nanyi fanyeni hivyo. Picha ya mama ikae mahali mtoto anaifikia mwenyewe.

Ziara yenyewe ipangeni. Mtoto wa chini ya miaka 5 mwambie asubuhi ya siku hiyo, au usiku uliotangulia kama una hakika ziara itakuwapo. Ukimwambia siku nne kabla, hatalala siku nne. Mkirudi, usimhoji njiani. Maji, kitu cha kula, kisha nusu saa ya jambo tulivu lilelile kila mara, kama kuoga maji ya vuguvugu au kuchora. Akipiga mtu, mshike mkono na useme, "Una hasira kwa sababu kuagana kunauma. Kupiga hapana. Piga mto huu."

Mama asipotokea, usimsingizie foleni wala usimlaumu. "Mama hakuja. Inauma. Si kwa sababu yako." Basi.

Lakini weka daftari: tarehe, saa, alivyokuwa kabla, alivyokuwa baada, na maneno yake kama alivyoyatamka, bila kuyapamba. Hofu inayoanza pale tu anaposikia habari ya ziara, alama mwilini, michezo ya kingono isiyolingana na umri, au kauli kwamba ameumizwa: hayo hayasubiri daftari lijae. Mwarifu afisa ustawi siku hiyohiyo, na usimrudie mtoto kwa maswali. Ya kumhoji waachie waliofunzwa.

Alikuja na kitambaa kichafu chenye harufu, hataki kukiachia. Nikifue?

Bado. Harufu hiyo ndiyo nyumbani kwao, na ikifuliwa hairudi. Subiri akubali, mkifue pamoja, na kabla ya hapo kata kipande kidogo ukihifadhi kwenye chombo kinachofunga. Kama ana chawa au upele wa kuambukiza, kitambaa kinaweza kufungwa ndani ya mfuko angavu kwa siku 14 bila kufuliwa. Wadudu hao hawadumu mbali na mwili wa mtu. Mfuko utundike juu, asipoufikia lakini anapouona.

Anashiba, bado anaficha chakula chini ya mto. Tumeanza kufunga kabati. (Bibi)

Bibi, lifungue kabati. Mtoto aliyewahi kulala njaa haamini shibe ya leo. Anaweka akiba kama mtu mzima yeyote angeweka. Kufuli linamthibitishia kwamba chakula huisha. Mpe kibweta chenye mfuniko na alama yake, chenye vyakula visivyoharibika upesi. Kama yuko chini ya miaka 5, usiweke njugu nzima wala kitu kigumu cha mviringo, vinakaba koo. Kijaze asubuhi na jioni mbele ya macho yake. Kisiwe zawadi ya tabia njema, na asinyang'anywe kama adhabu, hata siku amevunja kitu. Chakula kilichoharibika kiondoeni pamoja, na mpangilio una maana: kwanza weka kipya, ndipo utoe cha zamani. Milo iwe saa zilezile, asikae zaidi ya saa 3 bila kitu mchana. Kuficha hupungua polepole, kwa wiki au miezi. Akila mpaka kutapika, au akipungua uzito, mpeleke kwa daktari.

Alikuwa ameacha kukojoa kitandani, sasa ameanza tena.

Mtoto aliyehamishwa hurudi nyuma kidogo: chupa, kidole mdomoni, mkojo. Tandika tabaka nne, yaani mpira, shuka, mpira, shuka. Usiku unavua mbili za juu, analala tena ndani ya dakika tatu bila taa kali wala hotuba. Asinyimwe maji mchana. Akisikia maumivu akikojoa, akipata homa, au akiwa na kiu isiyokwisha, mkojo upimwe.

Mtoto wa miaka 3 ananiita mama. Mama yake alisikia, akalia. Nimkataze?

Usimkataze, wala usimfundishe. Katika miaka 3 mama ni yule anayeogesha na kulisha, hajamsaliti mtu. Wewe jitaje kwa "mama" pamoja na jina lako, na yule mtaje kila siku kama "mama aliyekuzaa", ili asigeuke siri. Mama mwenyewe mwambie mambo ambayo mtoto huyasema juu yake. Kinachomliza ni hofu ya kusahauliwa. Na neno "kambo" libaki kwenye makaratasi ya ofisi. Hadithi zimeliharibia jina, na mtoto akilisikia atangoja ukatili. Kwake sema "familia inayokulea".

Ndugu wawili wametenganishwa. Nina mkubwa, wa miaka 7. Hali mpaka ajue mdogo wake amekula.

Miongozo ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2009 kuhusu malezi mbadala inasema ndugu wasitenganishwe isipokuwa kuna hatari ya wazi au sababu nyingine inayomfaa mtoto. Kwa hiyo muulize afisa sababu, na uombe iandikwe. Wakati huo, usimwambie msichana huyu "wewe ni mtoto, acha kujali." Ulezi ndio kazi aliyoijua. Mpe simu fupi saa ya chakula cha jioni, asikie mwenyewe kwamba mdogo wake amekula, kisha naye ale.

Nataka darasa lichore familia. Nina mwanafunzi aliye katika malezi haya. (Mwalimu)

Mwalimu, badilisha agizo liwe "chora watu wanaokutunza", na ruhusu karatasi mbili kwa yeyote. Mfanyieni pia mazoezi ya sentensi ya kuwajibu wenzake: "Naishi na familia inayonitunza. Mengine ni yangu."

Baada ya wiki 3 anarudi kwa mama yake. Amekaa nasi mwaka na nusu. Nimwandae vipi?

Mwambie tarehe ikishakuwa ya uhakika, na kwa mtoto mdogo wiki mbili zinatosha. Ziara zirefushwe hatua kwa hatua: saa chache, siku nzima, usiku mmoja, kisha siku mbili. Mama aje kwenu jioni aone anavyoogeshwa na kulazwa, nawe umwandikie ukurasa mmoja: saa za kulala, wimbo wake, anachokiogopa, neno analotumia akitaka choo.

Tengenezeni kitabu chake cha maisha. Kiwe na picha ya nyumba, ya kitanda, ya kila mtu na mnyama, urefu wake alipokuja na alipoondoka, jino lililong'oka, na barua yako fupi. Zungukeni pamoja akiaga vyumba, mti, jirani.

Huenda akawa mkaidi siku za mwisho. Kuondoka kwa ugomvi ni rahisi kuliko kuondoka kwa huzuni, kwa hiyo usichukulie kwamba hakupendi. Ukilia mbele yake, eleza: "Nalia kwa sababu nitakukumbuka. Nitakuwa salama. Si kazi yako kunibembeleza." Kama mama anaridhia, piga simu katika siku tatu za kwanza, asije akadhani umekufa.

Vitu vyake vyote viende naye ndani ya begi la kweli, kamwe si mfuko wa taka. Na foronya aliyolalia usiku wa mwisho usiifue. Iingize jinsi ilivyo.